Waliopata nafuu bila sisi

Saa nane mchana, ukumbi wa kanisa huko Isingiro, Uganda, bati limeshika joto na nusu ya wawezeshaji wa vikundi vya tiba ya sonona wanasinzia. Ukutani projekta inaonyesha mchoro wa nguzo nne. Mbili za kushoto ni za vijiji vilivyopewa tiba ya vikundi: asilimia 86 walikuwa na sonona kamili, yaani iliyofikia kiwango cha ugonjwa, kabla, asilimia 6.5 baada ya wiki 16. Mwalimu anazieleza kwa raha, na ana haki ya kufurahi.

Mama mmoja wa mstari wa nyuma, anayeendesha kikundi cha wanawake wa Kikongo kambini, akainua mkono.

"Mwalimu, na hawa wa kulia? Nao wameshuka. Hao nani aliwatibu?"

Nguzo za kulia zilisoma 94, kisha 54.7.

"Hao ni wa kulinganisha tu, mama," akajibiwa, na slaidi ikabadilishwa.

Swali la yule mama limekataa kunitoka kichwani wiki zote hizi. Karibu watu wanne katika kila kumi, vijijini, bila kikundi, bila mwezeshaji, bila chai ya mkutano, waliondoka kwenye sonona kamili ndani ya miezi michache. Sisi tunaofanya kazi hii tunaisoma safu ya kushoto kila siku. Ya kulia tunaipita kama mtu anayepita geti la jirani anayemdai.

## Nguzo ya kulia ilitoka wapi

Utafiti wenyewe kwa ufupi: Masaka na Rakai, Februari hadi Juni 2002, vijiji 30, matokeo yakachapishwa katika jarida la kitabibu la JAMA mwaka 2003. Paul Bolton na wenzake walitumia tiba ya mahusiano kwa vikundi, inayoshughulikia yanayotokea kati ya mtu na watu wake, dakika 90 kila wiki, wanaume kwao na wanawake kwao, wawezeshaji wakiwa watu wa kawaida waliofunzwa, si madaktari.

Kinachonihusu hapa ni namna washiriki walivyopatikana. Kila kijiji kilikuwa na orodha ya watu ambao wao wenyewe na wanakijiji wenzao walikubali kwamba wanaugua. Watafiti wakaipitia orodha kuanzia mwenye alama za juu kabisa, yaani mwenye hali mbaya kuliko wote, na kushuka, hadi wakapata watu 8 hadi 12. Vijiji vya kulinganisha vilichaguliwa vivyo hivyo. Watu wake hawakuundiwa kikundi, lakini hawakuzuiwa kutafuta msaada mwingine wowote waliotaka.

Mwishoni, alama za sonona zilishuka kwa wastani wa 17.47 kwenye vijiji vya tiba na 3.55 kwenye vijiji vingine. Kwa hiyo tiba ilifanya kazi, na kwa mbali. Silipingi hilo. Ninalouliza ni hili: mwezeshaji wa leo asiye na kijiji cha kulinganisha anajuaje kipi katika nafuu anayoiona ni cha kikundi, na kipi kingekuja tu?

## Kwa nini mtu hupata nafuu asipofanyiwa kitu

Sababu ya kwanza ni tabia ya ugonjwa wenyewe. Sonona kwa wengi huja kwa vipindi. Hukaa miezi, hulegea, na kwa wengi hurudi tena. Ukianza kumpima mtu katikati ya kipindi, sehemu ya safari ya kutoka iko mbele yake tayari, tiba iwepo isiwepo.

Ya pili ni sisi. Tunawachukua watu wakiwa chini kabisa, kwa sababu hapo ndipo wanapoonekana, na hapo ndipo alama zinapofika kiwango cha kuandikishwa. Aliyepimwa siku yake mbaya kuliko zote, ukimpima siku nyingine yoyote, ataelekea kuwa afadhali. Anayeanza dawa ya mafua siku ya tano ataisifu siku ya saba.

Ya tatu ni msimu. Mwanzo wa Februari shule zinafunguliwa, ada inadaiwa, ghala limepungua. Maharage yaliyopandwa na mvua za Machi yanavunwa Juni. Sisemi maharage ndiyo yaliyowatibu watu wa Masaka. Nasema kwamba mradi unaopima kwa mara ya kwanza wiki ya ada na mara ya mwisho baada ya mavuno umejipa zawadi bila kujua, na ule unaofanya kinyume chake umejiadhibu.

Ya nne ni kuulizwa kwenyewe. Mtu wa kutoka nje anaketi kwenye mkeka wako nusu saa, anakuuliza unalala vipi, unakula vipi, kazi inakushinda wapi, na anaandika majibu. Kwa mjane ambaye hajaulizwa hayo tangu matanga, hilo si jambo dogo.

Ya tano ndiyo inayonisumbua zaidi, hasa makambini. Siku ya kuandikishwa, orodha yoyote inayopita inadhaniwa kuwa ya msaada: turubai, pesa, au jina la kuhamishiwa nchi ya tatu. Alama zinapanda kidogo. Siku ya mwisho, anayeuliza ni yule yule aliyekaa nanyi miezi yote, na adabu haikuruhusu kumwambia mgeni kwamba kazi yake haikusaidia. Alama zinashuka kidogo. Makosa haya mawili hayafutani. Yote yanasukuma upande mmoja, upande wa kutusifu sisi.

## Nakivale, mwaka 2008

Frank Neuner na wenzake walichapisha mwaka 2008 utafiti wa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, uliohusu wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia waliokuwa na ugonjwa wa kiwewe. Washauri walitoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe. Kundi moja lilipewa tiba ya masimulizi, la pili ushauri wa kiwewe ulio huru zaidi, la tatu likafuatiliwa tu kwa vipimo.

Wasioijua tiba ya masimulizi, huenda hivi. Kamba inalazwa chini, mwanzo wake kuzaliwa na mwisho wake leo. Maua yanawekwa penye mema, mawe penye mabaya, bila kuingia ndani ya habari. Vikao vinavyofuata vinachukua jiwe moja moja kwa mpangilio wa miaka: ulikuwa wapi, ulisikia nini, mwili ulifanya nini, ulifikiri nini, na sasa ukilisema mwili unafanya nini. Mshauri anaandika, kikao kijacho anamsomea mhusika, anasahihishwa. Kosa la kawaida ni kukatisha pale mtu anapoanza kutetemeka. Ukisimama hapo umemwachia jiwe juu. Unapunguza mwendo, unamrejesha kwenye chumba na sauti za sasa, kisha unaendelea mpaka habari ifike mahali ambapo hofu imepungua.

Matokeo: asilimia 70 ya waliopewa tiba ya masimulizi hawakuwa tena na ugonjwa, na asilimia 65 ya waliopewa ushauri huru.

Waliofuatiliwa tu: asilimia 37.

Tena safu ya kulia haikukaa kimya. Ukitoa 37 kutoka 70 unabaki na 33, yaani kwa kila watu watatu waliotibiwa, kama mmoja alipona kwa sababu ya tiba. Wapo wanaokata tamaa wakiisikia hesabu hii. Mimi naiona nzuri: dawa nyingi zilizo kwenye rafu za vituo vya afya zingetamani kuwa na mmoja kwa watatu.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba tiba mbili zilitoka karibu sawa. Miaka minne kabla, katika kambi ya Imvepi, kundi hilo hilo la watafiti lilikuwa limeonyesha pengo kubwa kwa faida ya masimulizi, ila lilikuwa na washiriki 43 tu. Nakivale pengo liliziba. Kilichobaki ni tofauti ya waliokatisha: asilimia 4 kwenye masimulizi, asilimia 21 kwenye ushauri huru. Mtu mmoja kati ya watano aliacha kuja. Nadhani anayejua kwamba leo ni jiwe la tatu na yamebaki mawili anaona mwisho wa njia. Anayeitwa tu "njoo tuzungumze" hajui atazungumza mpaka lini. Hiyo ni dhana yangu, lakini ningebadilisha ratiba ya kikundi changu kwa ajili yake.

## Waliokutana, lakini si kwa tiba

Mtu anaweza kusema: safu ya kulia inadanganya kwa sababu watu wake wameachwa peke yao, na kukutana pekee kunatibu. Hoja nzuri. Profesa Etheldreda Nakimuli-Mpungu wa Makerere aliipatia jibu Gulu, Kitgum na Pader, kaskazini mwa Uganda.

Vituo vya afya 30, watu 1,140 wanaoishi na virusi vya UKIMWI na wenye sonona ya wastani au nyepesi. Nusu ya vituo viliendesha vikundi vya kusaidiana kisaikolojia kwa vikao vinane: kujenga imani, kutoa yaliyo moyoni, kujifunza kukabili mawazo mabaya na unyanyapaa, kisha stadi za kujipatia kipato. Nusu nyingine walikutana pia kwa vikundi, ila kwa elimu ya VVU. Makundi yote mawili yalikuwa na benchi, wenzao na mtu wa kuwaongoza.

Miezi sita baada ya tiba, waliokuwa bado na sonona kamili ni watu 2 kati ya 578 upande wa tiba, na 160 kati ya 562 upande wa elimu.

Hao 160 ni asilimia 28. Maana yake, zaidi ya watu saba katika kila kumi waliokaa kwenye elimu ya VVU hawakuwa tena na sonona kamili.

Matokeo haya yaligeuza fikra zangu. Nilikuwa naisoma safu ya kulia kama tishio, kitu kinachopunguza sifa ya kazi. Lakini ukiziweka Masaka na Gulu pamoja unaona jambo lingine: muda, vipimo na kukutana vinawatoa wengi, kisha vinafika mahali vinakwama. Kuna watu ambao muda hauwatoi. Kazi ya kikundi ni hao. Na mwezeshaji hawezi kuwatambua kwa macho wiki ya kwanza, kwa sababu siku hiyo wote wanafanana.

Anaweza kuanza kuwaona kuanzia wiki ya nne. Kila kikao cha tiba ya mahusiano kinaanza na swali lile lile kwa kila mmoja: tangu tulipoachana, hali yako ilikuwaje, na nini kilitokea siku ilipozidi au kupungua? Anayesema "Jumanne nilikuwa afadhali, shemeji alikubali mzee wa ukoo asikilize habari ya shamba" ameshika uzi, kwa sababu hali yake inafuata tukio, na tukio linaweza kuguswa. Anayesema "ni vile vile" wiki nne mfululizo, alama zake zikiwa zimesimama, ndiye anayehitaji dakika zako. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mwezeshaji kumimina ushauri kwa yule wa kwanza, kwa kuwa anapendeza kusaidiwa, na kumpita wa pili kwa "pole mama, tutaendelea kukuombea".

## Kuhesabu bila mtafiti

Hakuna mradi mdogo utakaopata vijiji 30. Ila mengi yanawezekana kwa daftari na kalamu.

Pima mara mbili kabla ya kuanza. Dodoso la PHQ-9 la kupima sonona linauliza maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu 0 hadi 3, jumla 27. Ukirudi baada ya wiki mbili kamili, majibu yanahusu siku nyingine kabisa. Alama za pili ndizo kipimo cha mwanzo. Wanaoshuka chini ya 10, mpaka wa kuhesabiwa kuwa na sonona, hapo katikati waandike kwenye ukurasa wao, uwaelekeze pa kurudi hali ikizidi, usiwahesabu kama ushindi wako. Ukurasa huo ndio safu yako ya kulia ya bei rahisi kuliko zote.

Anayepima asiwe anayeongoza kikundi. Mbadilishane na mwenzako wa mtaa wa pili. Maswali yasomwe kama yalivyoandikwa, mpangilio ule ule, na yasiulizwe mbele ya mume, mama mkwe au mwenyekiti.

Hesabu kila aliyeketi hata kikao kimoja. Tuseme walianza 40, wakamaliza 34, na 28 wako chini ya 10. Ripoti ya haraka itaandika asilimia 82. Ukweli ni 28 kwa 40, asilimia 70. Wale sita hawakupotea hewani: mmoja amehamia Mbarara, mwingine siku ya kikundi inagongana na siku ya mgao wa chakula, na mwingine ana hali mbaya kiasi cha kushindwa kutoka nyumbani. Huyo wa mwisho ndiye wa kumtafuta kwanza.

Kama vikundi ni vingi kuliko wawezeshaji, foleni ipo tayari, itumie kwa haki. Kura ipigwe kwa vijiji au mitaa, si kwa mtu mmoja mmoja, la sivyo jirani atamsimulia jirani kila kikao. Vikaratasi ndani ya ndoo, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) au wa mtaa wa kambi akiwa shahidi, watu wanaona. Wanaosubiri wapewe tarehe ya kuanza, na tarehe hiyo iheshimiwe. Ikisogezwa mara moja tu, hutapata kura nyingine mahali hapo. Wapimwe wiki ile ile wanayopimwa wanaohudhuria. Tuseme katika 40 wanaosubiri, 16 wameshuka chini ya 10. Hiyo ni asilimia 40. Basi katika asilimia 70 yako, 30 ni za kikundi: watu 12, si 28.

Kumi na wawili ni wachache kwenye ripoti. Uliza familia zao kama ni wachache.

Pembeni ya kila tarehe ya kipimo andika kilichokuwa kinaendelea: shule kufunguliwa, mgao kupunguzwa, mvua, msiba mkubwa. Bila hayo, mwaka ujao hutajua kwa nini kikundi cha Septemba kilionekana kibovu.

Na rudi baada ya miezi sita. Masaka walirudi: sonona kamili ilikuwa asilimia 11.7 upande wa tiba na 54.9 upande wa pili. Upande wa pili ulikuwa umekwama pale pale ulipoachwa, na hapo ndipo jibu la yule mama linapokamilika. Walioshuka kwa muda walishuka mapema. Waliobaki walibaki.

## Wasiosubiri

Foleni si ya kila mtu. Swali la tisa la dodoso linahusu mawazo ya kuona heri kufa au kujidhuru. Jibu lolote lisilo sifuri linasimamisha karatasi. Weka kalamu chini, uliza polepole: mawazo hayo yamekuja lini mara ya mwisho? Umefikiria namna? Kitu chenyewe kipo karibu nawe? Kuna nani nyumbani usiku? Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Wengi huonekana kutua mzigo.

Mwenye mpango au kitu karibu hapewi barua ya kwenda kituoni kesho. Anasindikizwa leo, na vya hatari nyumbani vinakabidhiwa kwa ndugu anayeaminika. Kabla ya kuanza mradi ujue kwa jina nani anashika afya ya akili kwenye kituo cha afya cha ngazi ya nne kilicho karibu, na siku zipi yupo. Mwenye alama 20 na kuendelea, anayesikia sauti, au aliyeacha kula, naye aende huko kwanza. Kikundi kinaweza kufuata baadaye.

## Wavulana wa Gulu

Kuna safu ya kulia moja zaidi. Bolton na wenzake walikwenda makambi mawili ya wakimbizi wa ndani karibu na Gulu wakati vita havijaisha, wakapima vijana 314 wa miaka 14 hadi 17. Kundi moja lilipata tiba ya mahusiano, moja michezo ya ubunifu, moja likasubiri. Matokeo yalitoka mwaka 2007.

Michezo ya ubunifu haikushusha sonona kuliko kusubiri. Miradi mingi imejengwa juu ya mpira na kuchora, na sioni ubaya wa mpira, ila usiandikwe kwenye bajeti kama tiba ya sonona.

Tiba ya mahusiano iliwapita wanaosubiri kwa alama 9.79. Ukitenganisha, wasichana waliwapita wenzao wanaosubiri kwa 12.61. Wavulana kwa 5.72, tofauti ambayo kitakwimu haikuweza kutenganishwa na bahati.

Tiba ni ile ile na makambi ni yale yale. Labda wavulana waliona aibu kusema mbele ya wenzao mambo ya vita. Labda milango ya tiba hii, yaani msiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha na upweke, iligusa kidogo yale waliyoyabeba. Kwenye utafiti wa Masaka wanaume watu wazima walikuwa wamepata nafuu, kwa hiyo kusema "wanaume hawaongei" hakutoshi.

Mradi unaotoa wastani mmoja wa vijana wote utaandika 9.79 na kupongezwa, na wavulana watafichwa humo ndani. Karatasi ya mahudhurio ina kisanduku cha jinsia. Karatasi za alama ninazozipitia, nyingi hazina.